Gati la Pangani Lina Manahodha Wangapi?

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mkazi wa Kigamboni, au una jamaa zako Kibada na Mjimwema, huna haja ya kufundishwa maana ya kivuko. Unamjua mtu anayesimama alfajiri upande wa Kigamboni, anaiona Kivukoni mbele ya macho yake, karibu kiasi cha kuweza kuhesabu madirisha ya majengo, na huku kazini amekwisha chelewa. Unajua vilevile kuwa pantoni likiharibika, habari hizo hufika Mbagala na Magomeni kabla ya saa 2 asubuhi, kwa maana kila ofisi ina mtu wake ambaye hajafika. Leo safu hii inakuomba uuchukue ujuzi wako huo na kuutazama nao mji mwingine, mdogo, ulio mbali na jiji letu, ambao mambo uliyoyapitia wewe tangu mwaka 2016 ndiyo kwanza yanaubishia hodi. Mji huo ni Pangani.

Pangani iko kilomita 50 hivi kusini ya Tanga, mahali ambapo mto wenye jina hilo unaingia Bahari ya Hindi. Maji ya mto huo yanatoka mbali. Huanzia Kilimanjaro na Meru, yakakusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakapita Korogwe, yakashuka katika maporomoko ya Hale na ya Pangani, ambako huzalisha umeme ambao yawezekana kabisa Jumapili hii umeutumia kupigia pasi sare za watoto. Mwishowe hufika baharini, mji wa Pangani ukiwa upande wa kaskazini na Bweni upande wa kusini. Kutoka gati moja hadi jingine ni safari ya dakika chache tu, lakini dakika hizo ndizo zinazomtenga mkulima wa Bweni na soko, mgonjwa na hospitali ya wilaya, na mwanafunzi na darasa lake.

Bandari hii ni ya kale, na heshima yake ya zamani haionekani kwa urahisi kwa mgeni anayeshuka leo kutoka katika basi la Tanga. Katika karne ya 19 misafara ya kwenda Umasaini na Kilimanjaro ilianzia hapa, na pembe za ndovu zikarudi hapa kupakiwa katika majahazi ya Unguja. Kando ya mto yalikuwako mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, na sukari yake nayo ikapita katika gati hilo hilo. Forodha ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar. Mwezi Agosti 1888, Emil von Zelewski, afisa wa kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, alifika kuyashika madaraka na kuipandisha bendera ya kampuni yake. Pangani ikakataa. Hapo ndipo vilipowaka vita vya Abushiri bin Salim, ambavyo vilienea pwani nzima. Majeshi ya Hermann von Wissmann yaliuteka tena mji huo Julai 1889, na tarehe 15 Desemba ya mwaka huo Abushiri akanyongwa papo hapo Pangani. Yafaa tukumbuke kwamba moja ya mambo yaliyogombewa katika vita hivyo lilikuwa jambo la kila siku kabisa: nani akusanye ushuru wa majahazi, na fedha hizo ziende wapi.

Kilichoidhoofisha Pangani baadaye ni reli. Ujenzi wake ulianzia Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, na mizigo ya bara ikaifuata. Tanga ina bandari yenye kina, hali Pangani ina fungu la mchanga mdomoni mwa mto, na meli kubwa haiwezi kubembelezwa ipite juu ya mchanga. Hata hivyo majahazi na mashua hayakuondoka, na forodha iliendelea kuwa na kazi. Marehemu Shaaban Robert, ambaye kila aliyekaa darasani nchini humu amemsoma, alikuwa karani wa Idara ya Forodha wakati wa utawala wa Waingereza, na Pangani ni mojawapo ya vituo alivyofanyia kazi. Huenda mazoea yake ya kupima kila silabi aliyapata katika kukagua mizigo. Hilo tuwaachie wataalamu wa fasihi.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Wengi wetu wa mjini hudhani kuwa kuendesha bandari ndogo ni kuwa na gati, mlinzi, na kitabu cha stakabadhi. La hasha! Mwenye amri ya kwanza katika bandari ya mtoni ni maji. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku mmoja, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani zile siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, tofauti baina ya maji yaliyojaa na yaliyopwa hupita mita 3, kimo kinachozidi dari ya vyumba vingi tunavyopanga Temeke. Jahazi lililovuka fungu la mdomoni saa 2 asubuhi bila taabu yoyote, ikifika saa 8 mchana yaweza kulilazimu litie nanga nje na kungojea. Kwa hiyo ratiba ya bandari ya namna hii haiwezi kuandikwa mara moja na kubandikwa ukutani mwaka mzima, kama ratiba ya mabasi.

Kivuko nacho hupatwa na mambo hayo hayo. Mlango wake sharti uguse sakafu ya gati, lakini sakafu haipandi wala haishuki pamoja na maji. Ndiyo maana hujengwa mteremko mrefu wa saruji, na ile sehemu ya chini ambayo hufunikwa na maji mara mbili kwa siku huota mwani na kuteleza. Mama mwenye ndoo ya samaki kichwani na mtoto mgongoni huupita mteremko huo. Aidha, maji yanapopwa, mkondo wa bahari na mkondo wa mto huvuta upande mmoja, kuelekea nje. Chombo chenye injini dhaifu, au chenye nahodha aliyezidisha mzigo, hapo ndipo kinapojulikana. Ongeza upepo wa kusi katika miezi ya katikati ya mwaka, mdomo wa mto ukiwa na mawimbi yaliyosimama, nawe utaelewa kwa nini manahodha wazee wa pwani huutazama mto kwanza, kisha ndipo huitikia salamu.

Mto wenyewe umebadilika. Nyumba ya Mungu na Hale ni mabwawa ya miaka ya 1960, na kituo kipya cha umeme cha Pangani kilianza kazi mwaka 1995. Mashamba ya umwagiliaji huko juu nayo yanakunywa sehemu yake. Hatusemi kuwa umeme ni dhambi, kwani hata mtambo unaolichapa gazeti hili unauhitaji. Lakini maji matamu yanayofika chini yamepungua, maji ya chumvi yamepanda mtoni na kuharibu mashamba, na bahari imekuwa ikiila kingo, hata Serikali ikalazimika kujenga upya ukuta wa kuzuia mmomonyoko. Mtu anayesimamia gati la Pangani anapokea matokeo ya maamuzi yaliyokatwa mamia ya kilomita kutoka kwake, na hakuna aliyemuuliza.

Tulisema kuwa Pangani inabishiwa hodi. Anayebisha hodi ni daraja. Tangu mapema miaka ya 2020 Serikali imeshughulikia ujenzi wa barabara ya pwani kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga, na ndani ya mradi huo limo daraja la mto Pangani lenye urefu wa mita 525. Ni jambo la kushangilia. Mgonjwa wa Bweni hatahitaji tena kuomba pantoni lisiwe limelala upande wa pili. Mwenye lori la nazi hatalala foleni. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayelilia siku za kungojea.

Lakini hapa ndipo wewe mkazi wa Kigamboni unapokuwa mwalimu. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Wako waliotabiri kuwa siku hiyo pantoni limezikwa. Halikuzikwa. Mwenye gari alipata njia mpya ya Kurasini, naye mwenda kwa miguu akaendelea kuitaka Kivukoni, kwa sababu soko la samaki liko Kivukoni, ofisi ziko karibu na Kivukoni, na mwaka huo huo wa 2016 mabasi ya mwendokasi nayo yakaanzisha kituo chao pale pale. Kuzunguka kwa daladala kupitia darajani ni nauli ya ziada na muda wa ziada. Basi kivuko kikabaki kuwa cha lazima kwa wanyonge, huku macho ya wakubwa yamekwisha hamia kwenye daraja. Mwaka 2023 MV Magogoni, pantoni kubwa lililotengenezwa kubeba abiria 2,000 na magari 60, lilipelekwa Mombasa kwa matengenezo makubwa na likakaa huko muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Waliobaki wakasongamana katika vivuko vidogo, hata boti za kampuni binafsi zikaalikwa kusaidia kuvusha watu.

Basi tuulize mapema: daraja likiisha kuchukua magari ya Pangani, nani atabaki na mtu wa miguu, mwenye mtumbwi, mchuuzi wa samaki, na jahazi la kwenda Unguja? Jibu linategemea kujua gati ni la nani. Tazama orodha. Usimamizi wa bandari ni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, TPA, ambayo makao yake yako jijini kwetu. Kivuko ni cha TEMESA, wakala wa Serikali ulioanzishwa mwaka 2005. Ukaguzi wa usalama wa vyombo ni wa TASAC, iliyoanza kazi mwaka 2018 na kuichukua sehemu ya majukumu ya iliyokuwa SUMATRA. Maji ya mto yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoundwa mwaka 1991, na ofisi yake iko Moshi. Kisiwa cha Maziwe, kinachotembelewa na watalii wanaopanda boti hapo mtoni, kiko chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Samaki wanaoshushwa wana maafisa uvuvi wao na vikundi vyao vya ufukweni. Majengo ya kale, pamoja na Boma na jengo la forodha la enzi za ukoloni, yana sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964. Na Halmashauri ya Wilaya ndiyo mwenyeji, ambaye hulaumiwa kwa yote hayo.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila mmoja wa hao ana sheria yake halali na kazi yake ya maana, na hatumshutumu yeyote kwa uvivu. Lakini nguzo ya gati inapooza, au taa ya usiku inapozimika, au mteremko unapoota mwani, hiyo ni barua ya kwenda kwa nani? Barua ikienda kwa asiyehusika, naye akaipeleka kwa anayehusika, na huyo akasubiri bajeti ya mwaka unaofuata, mwani hausubiri.

Pana jambo moja ambalo haliruhusu mzaha, nalo ni idadi ya watu chomboni. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa karibu kabisa kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Hapakuwa na dhoruba. Watu waliliona gati, na jamaa zao waliokuwa wakiwangojea waliwaona wao. Kivuko kile kilikuwa cha mwendo mfupi, chini ya wakala ule ule unaoendesha vivuko vya Pangani na Kigamboni. Nani alikuwa na mamlaka, siku ile ya gulio, ya kusimama mlangoni na kusema: basi, imetosha, aliyebaki asubiri zamu ijayo? Mtu huyo hulaumiwa na abiria, hulaumiwa na mwenye mizigo, na mapato yake ya siku hupungua. Ikiwa hana mkubwa wa kumlinda papo hapo gatini, ataachia.

Fedha nazo zina habari yake. Utakumbuka kuwa mwanzoni mwa mwaka 2012 nauli ya Kigamboni ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200, na ugomvi wake ukafika mbali. Nauli ya kivuko haipandi kama bei ya nyanya, kwa kuwa mvukaji hana duka la pili la kukimbilia. Hivyo haiwezekani kuitegemea nauli peke yake kwa matengenezo. Lakini Pangani ina mapato mengine ambayo Kigamboni haina: ushuru wa majahazi, maegesho ya boti, na wageni wanaokwenda Maziwe na wanaopanda mto kutazama mikoko. Senti hizo ni ndogo, na kila moja huingia katika mfuko wa bwana wake. Huko Uingereza zipo bandari ndogo nyingi za kale, za mitoni na za baharini, zinazoendeshwa kwa udhamini: hazina wenye hisa, na kinachopatikana hutumika bandarini humo humo. Kila moja ina mkuu wa bandari, na mwenye mashua akiwa na shida anajua mlango wa kugonga. Si kila cha Uingereza kinatufaa, lakini hicho kinafikirika.

Yupo atakayejibu kuwa Halmashauri ndogo haina mhandisi wa meli wala fedha za kununua injini, na kwamba mashirika ya taifa yakiondoka, gati litaanguka mwaka wa pili. Ni kweli, na hatusemi yaondoke. TEMESA na iendeshe kivuko, TASAC na ikague vyombo, TPA na itunze gati. Tunachokitaka ni mtu mmoja, mwenye ofisi inayotazama mto, mwenye madaraka ya kuzuia chombo chochote kilichojaa kisiondoke, mwenye kitabu kimoja cha mapato yote ya ukingo ule, na mwenye fungu dogo la fedha la kununua saruji, taa na kamba bila kuandika barua Dodoma. Karibu naye ikae kamati ya watu wanaojua: nahodha wa jahazi, mvuvi, mchukuzi, mama anayeuza chakula gatini, mkazi wa Bweni. Ubao wa saa za maji uandikwe upya kila asubuhi. Kuandika ubao ni kazi ya chaki.

Wewe msomaji mwenye familia nawe una sehemu yako. Likizo zikifika, baadhi yenu mtakwenda Pangani, na watoto watataka kupelekwa Maziwe. Kisiwa hicho kilitangazwa kuwa eneo tengefu mwaka 1975, mwaka mmoja na Bongoyo na Mbudya mnavyovijua, lakini hakifanani navyo hata kidogo. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walitaga mayai chini yake. Leo ni fungu la mchanga, na maji yakijaa kisiwa hakipo. Kwa hiyo nahodha akikuambia kuwa safari ni saa yoyote unayopenda wewe, mshukuru, kisha mtafute mwingine. Mwulize maji yatapwa saa ngapi na mtarudi saa ngapi. Hesabu majaketi ya kuokolea kabla ya kuhesabu soda, na umvalishe mtoto la kimo chake, kwa kuwa jaketi la mtu mzima humponyoka mtoto majini. Na chombo kikiwa kimejaa, nahodha akasema bado anamngojea mmoja tu, shuka ninyi nyote. Watoto watanuna hadi jioni.

Mwisho ni neno kwa wenzetu wa ofisini. Baadhi ya mashirika tuliyoyataja yana makao yake katika jiji hili, na miongoni mwa wafanyakazi wake wamo wasomaji wa ukurasa huu, wakazi wa Kinondoni na Temeke. Wapangapo safari ya kikazi ya kwenda kulikagua gati la Pangani, tunawaomba wachague siku ya bamvua, wafike maji yakiwa yamepwa kabisa, nao waushuke ule mteremko hadi chini, wakiwa na viatu vyao vya ofisini na mafaili mkononi.